Kufunga ruta ya nyumbani: waya, taa na maneno matatu ya siri

Mama mmoja mwenye duka alitupigia simu studio baada ya kipindi cha asubuhi. "Mwanangu," alisema, "hapa kaboksi ka intaneti kanawaka taa kama kawaida, ila nimenunua simu mpya na neno la siri silijui. Fundi aliyefunga hapatikani." Tukamuuliza, "Pole mama, chini ya hicho kiboksi hakuna karatasi iliyobandikwa?" Akajibu, "Ilikuwepo, watoto waliibandua."

Akatafuta fundi mwingine. Fundi huyo alibonyeza kitufe cha kurudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani, na hapo mambo yakaharibika zaidi, kwa sababu taarifa za kampuni zilizokuwa ndani ya ruta zilifutika. Duka lilikaa siku tatu bila intaneti, na mama akalipa ufundi mara mbili kwa kazi moja.

Tangu siku ile tumepokea maswali mengi yanayofanana na hilo. Makala hii inaeleza namna ya kufunga ruta ya waya nyumbani na kuipanga kwa kutumia simu yako. Ukimwachia fundi kazi, ni sawa pia. Ila uielewe, kwa sababu kazi haijaisha mpaka maneno yote ya siri yawe mkononi mwako, mwenye nyumba.

RUTA INAFANYA KAZI GANI?

Wengi tunakumbuka enzi za barua. Kijiji kizima kilitumia sanduku moja la posta, mara nyingi la shule. Barua zote zilifika kwa S.L.P. ya shule, kisha mwalimu akasoma jina la kila mtu na kumpa ya kwake.

Ruta hufanya hivyo hivyo. Kampuni ya intaneti kwa kawaida huipa nyumba yako anwani moja tu ya mtandao. Ruta hupokea kila kitu kwa anwani hiyo, halafu inagawa: hii ya simu ya baba, hii ya kompyuta, hii ya runinga. Ndani ya nyumba kila kifaa hupewa namba yake ndogo, na mara nyingi namba hizo huanza na 192.168.

Tunaposema ruta ya waya, tunamaanisha ile inayopokea intaneti kwa kebo na yenye matundu ya kuchomeka kebo za vifaa vingine. Karibu zote zinazouzwa sasa zina waifai pia.

KWA NINI WAYA, WAKATI KUNA WAIFAI?

Waifai ni rahisi, lakini hupungua nguvu inapopita kwenye ukuta mnene wa tofali, na ukuta au paa la bati huizuia zaidi. Kebo haijali ukuta. Kifaa kisichohama, kama runinga, kompyuta ya duka au mashine ya kuchapisha, kipe kebo. Waifai ibaki kwa simu. Hapo simu nazo zitapata nafasi zaidi hewani.

INTANETI INAFIKAJE KWENYE RUTA?

Angalia kwanza kampuni inakuletea intaneti kwa njia gani, maana uungaji unategemea hilo.

Njia ya kwanza ni faiba, waya mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Waya huo huingia kwenye kiboksi cha kampuni. Wakati mwingine kiboksi hicho ndicho ruta yenyewe. Wakati mwingine kinatoa kebo ya kawaida inayokwenda kwenye ruta yako. Faiba usiikunje kwa nguvu wala kuipigilia msumari, na usichungulie ncha yake, kwani mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyaumiza.

Njia ya pili ni antena ya juu ya paa inayotazama mnara. Kutoka kwenye antena hushuka kebo moja mpaka kwenye adapta ndogo yenye matundu mawili. Hapa uwe makini sana. Tundu lililoandikwa POE hupeleka umeme juu kwenye antena. Tundu lililoandikwa LAN ndilo la kuunganisha na ruta. Ukibadilisha, umeme huo unaweza kuingia kwenye ruta na kuiunguza.

Njia ya tatu ni ruta ya laini ya simu. Hiyo haina kebo ya nje, lakini hatua za maneno ya siri zilizo hapa chini zinaihusu vile vile.

KUCHAGUA KEBO

Kebo ya mtandao ina nyaya ndogo 8 zilizosokotwa mbili mbili. Ubavuni huandikwa aina yake. Kwa nyumba, Cat5e inatosha kabisa: inabeba hadi megabiti 1,000 kwa sekunde. Urefu wake usizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa.

Uliza dukani kama nyaya za ndani ni shaba tupu. Kuna kebo za bei ndogo zenye alumini iliyopakwa shaba, na ubavuni baadhi huandikwa CCA. Hizo hukatika kirahisi zikikunjwa. Kwangua ncha ya waya mmoja kwa wembe: ukiona rangi ya fedha ndani, si shaba tupu.

Kama kebo itapita nje, nunua ya nje, yenye ganda gumu linalohimili jua. Ile ya ndani hupasuka juani na maji yakaingia. Usiipitishe kebo ya mtandao kwenye bomba moja na waya wa umeme wa nyumba. Hiyo ni hatari kwa watu kabla hata ya kuwa hatari kwa mtandao.

Ukibana vichwa vya kebo mwenyewe, shika kichwa ndimi zake za shaba zikikutazama na kibanio kikiwa nyuma. Kuanzia kushoto panga hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili zifuate mpangilio huo huo. Ukiona intaneti inapita lakini kasi haivuki megabiti 100, kagua vichwa. Huenda waya mmoja wa bluu au wa kahawia haukugusa vizuri.

MAHALI PA KUIWEKA

Weka ruta katikati ya nyumba kadiri uwezavyo, juu ya meza au rafu, mahali pakavu penye hewa. Usiifungie kwenye kabati la chuma, usiifunike kwa kitambaa, na usiiweke jikoni karibu na moshi. Watoto wadogo wasiifikie.

KUUNGANISHA, HATUA KWA HATUA

1. Ruta ikiwa imezimwa, tafuta tundu lililoandikwa WAN au INTERNET. Mara nyingi lina rangi tofauti na mengine. Hapo ndipo inapoingia kebo inayotoka kwa kampuni.

2. Matundu yaliyoandikwa LAN, mara nyingi manne, ni ya vifaa vya ndani. Chomeka runinga, kompyuta na vinginevyo.

3. Kila kichwa kisukume mpaka usikie kinalia "tak". Kisipolia hakijakaa.

4. Tumia adapta ya umeme iliyokuja na ruta. Adapta nyingi zinafanana kwa macho huku volti zikiwa tofauti: kuna ya volti 5, ya 9, ya 12 na zaidi. Soma kilichoandikwa kwenye ruta na kwenye adapta, vilingane.

5. Washa kwanza kifaa cha kampuni, subiri dakika mbili, kisha washa ruta.

KUSOMA TAA

Kwa kawaida kuna taa ya umeme, taa ya intaneti, taa ya waifai na taa moja kwa kila tundu la LAN. Taa ya tundu ikiwaka, kebo imeshika. Ikipepesa, kuna taarifa zinapita. Taa ya intaneti ikiwa nyekundu au ya chungwa, ruta inaona kebo lakini haipati huduma. Kwenye kiboksi cha faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki. Hapo usihangaike na ruta. Tatizo liko kwenye faiba, piga simu kampuni.

KUIPANGA KWA SIMU

Huhitaji kompyuta. Kabla ya kuanza, piga picha karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, halafu fuata hatua hizi.

1. Zima data kwenye simu. Wengi hukwama hapa. Simu ikiona waifai haina intaneti bado, inarudi kwenye bando lake, na ukurasa wa ruta haufunguki.

2. Washa waifai, chagua jina lililo kwenye ile karatasi, weka neno la siri lililoandikwa hapo. Simu ikisema mtandao huu hauna intaneti, chagua kubaki.

3. Fungua Chrome au programu nyingine ya kufungulia tovuti. Sehemu ya juu ya anwani andika namba iliyo kwenye karatasi, kwa mfano 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Weka nukta, usiache nafasi. Kama karatasi haipo, ingia kwenye mipangilio ya waifai ya simu, gusa jina la mtandao na utafute neno Gateway au Router. Namba iliyo hapo ndiyo anwani ya ruta.

4. Ukurasa ukifunguka, ruta nyingi mpya zitakuomba utunge neno la siri la usimamizi. Za zamani hutumia neno la kiwandani, mara nyingi admin. Libadilishe hapo hapo. Neno hilo linajulikana dunia nzima.

5. Utaulizwa aina ya huduma. Ukiona Dynamic IP, ruta inapewa anwani yenyewe na huandiki kitu. Ukiona PPPoE, unaweka jina la akaunti na neno la siri ulivyopewa na kampuni. Ukiona Static IP, unaandika namba maalumu walizokupa. Usibahatishe. Ipigie kampuni, uulize ni ipi kati ya hizo tatu.

6. Ingia sehemu ya Wireless. Badilisha jina la waifai na neno lake la siri. Kwenye usalama chagua WPA2 au WPA3. Usichague WEP wala kuacha wazi, kwa sababu WEP ni ya zamani na huvunjwa kirahisi. Jina la waifai lisiwe jina lako kamili wala namba ya simu.

7. Gusa Save. Simu itakatika, hiyo ni kawaida. Ingia upya kwa neno jipya.

Ruta nyingi hutoa majina mawili ya waifai, la 2.4 na la 5. La 2.4 hufika mbali zaidi na kupenya ukuta vizuri. La 5 lina kasi kubwa lakini hufika karibu. Ukiwa chumba cha mbali au uani, tumia la 2.4.

MANENO MATATU YA SIRI

Hapa ndipo mama yule alipokwama, na ndipo wengi hukwama. Maneno ya siri ni matatu, na kila moja lina mlango wake.

La kwanza ni la waifai. Hilo unawapa watu wa nyumbani. Mwenye hilo anatumia intaneti yako.

La pili ni la usimamizi wa ruta. Hilo usimpe mtu, hata rafiki. Mwenye hilo anaweza kukufungia nje, kubadilisha neno la waifai, na hata kuelekeza vifaa vyako kwenye tovuti za matapeli. Tunapotuma pesa na kuangalia akaunti za benki kwa simu, mlango huu si wa kuuacha wazi.

La tatu ni la akaunti ya kampuni, kwa wenye PPPoE. Bila hilo, ruta ikifutwa haiwezi kurudi mtandaoni mpaka kampuni ikupe tena.

Tunga neno refu, herufi 12 au zaidi. Maneno matatu au manne yasiyohusiana, yakifuatana na tarakimu, ni rahisi kukumbuka na magumu kukisia. Tarehe ya kuzaliwa na jina la mtoto ni dhaifu. Yaandike yote matatu kwenye daftari, uliweke pamoja na hati za nyumba. Watu huogopa kuandika neno la siri, lakini kwa nyumba zetu daftari lililofungiwa sandukuni ni salama kuliko neno alilobaki nalo fundi peke yake.

Wageni je? Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, umeandikwa Guest Network. Uwashe, uupe neno lake, na mgeni akishaondoka libadilishe bila kuwasumbua watu wa nyumbani. Wakati uko hapo, zima WPS na Remote Management kama zimewashwa, kwani nyumbani huzihitaji.

RADI NA UMEME

Hapa tunazungumza kwa uchungu. Mvua moja ya masika wingu lilipoanza kunguruma tulichomoa ruta ya studio kwenye soketi, tukajiona tumemaliza. Kebo iliyoshuka kutoka kwenye antena tuliiacha imechomekwa. Radi ilipopiga karibu, umeme ulipita kwenye kebo hiyo. Tundu la WAN lilikufa, na kompyuta iliyochomekwa kwenye ruta ikafa nayo.

Tangu hapo utaratibu wetu ni huu: wingu likianza kujikusanya, chomoa adapta, na chomoa kebo ya nje pia, uiweke mbali na vifaa. Fanya hivyo mapema. Radi ikishaanza kupiga usiguse kebo wala ruta, acha vyote. Kifaa kinanunuliwa, mtu hanunuliwi. Faiba yenyewe ni kioo na haipitishi umeme, lakini baadhi ya kebo zake zina waya wa chuma wa kuzibeba, na kiboksi chake kimechomekwa kwenye umeme. Tahadhari ni ile ile. Kifaa cha kuzuia umeme mkubwa husaidia unaporuka ruka, lakini hakishindi radi ya karibu.

Kwa wanaotumia sola: usiunge ruta ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri. Betri inayochajiwa huvuka volti 14. Tumia kifaa cha kushusha na kutuliza volti, na uhakikishe chanya na hasi havijageuzwa.

IKIGOMA

Anza na yaliyo rahisi. Angalia bili au kifurushi kama hakijaisha. Kagua vichwa vya kebo. Zima kila kitu, subiri nusu dakika, washa kifaa cha kampuni kwanza na ruta baadaye. Chomeka kompyuta kwa kebo: kama kwa kebo intaneti ipo na kwa waifai haipo, tatizo ni waifai. Hakikisha pia hakuna kebo ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye matundu ya LAN ya ruta ile ile. Watoto hufanya hivyo wakidhani wanapanga vizuri, na mtandao mzima unaweza kusimama.

Kitufe cha Reset kiwe cha mwisho kabisa. Ukikibonyeza kwa sekunde kadhaa, kila ulichopanga kinafutika na ruta inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Usikiguse kama huna taarifa za akaunti ya kampuni mkononi.

Kama huduma ni mbovu na kampuni haikusikilizi, weka malalamiko yako kwake rasmi kwanza na utunze kumbukumbu. Kwa Tanzania, asiporidhika mteja anaweza kuyafikisha Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

FUNDI ASIONDOKE KABLA YA HAYA

Kabla hujamlipa, mwambie kwa heshima akuonyeshe mambo haya ukiwa umekaa naye:

- Neno la siri la waifai, uliandike.
- Neno la siri la usimamizi. Ingia mwenyewe kwa simu yako mbele yake, kisha akishaondoka libadilishe.
- Aina ya huduma, na jina na neno la akaunti kama ni PPPoE.
- Kebo gani inatoka nje, ili siku ya radi ujue ya kuchomoa. Ifunge utepe mwekundu.
- Namba ya huduma kwa wateja ya kampuni, siyo ya fundi peke yake.

Fundi mwaminifu hatakasirika. Mambo haya matano hayachukui hata robo saa.

Mama yetu wa duka sasa ana daftari, na kebo yake ya nje ina utepe mwekundu. Juzi alitupigia tena, safari hii kuomba wimbo. Nawe ukikwama kwenye hatua yoyote, tutumie ujumbe kupitia namba ya kipindi, utuambie ni taa ipi inawaka na ya rangi gani. Tutakujibu hewani, na jirani yako mwenye tatizo kama lako atasikia pia.